Kwa Mwanangu Anayekwenda Kugawa Maji Marungu

Mwakio mwanangu,

Barua hii utaikuta chini kabisa ya begi, imelala juu ya panga. Kwa hivyo ukishaiona ujue nimepekua vitu vyako, na usinune. Nilikuzaa mimi. Begi lako nitalipekua mpaka siku nitakayozikwa.

Panga nimeliacha. Nilitaka kulitupa chooni, nikafika nalo hadi mlangoni, nikarudi. Voi imejaa maduka yanayouza mapanga, ungenunua jingine kabla hata ya kunywa chai. Wiki nzima nimekuwa nikilisikia likilia kwenye jiwe nyuma ya jikoni. Nilikuuliza, "La nini hilo?" Ukanijibu, "La majani, mama." Majani! Marungu kuna majani gani ya kukatwa na panga linaloweza kunyoa ndevu? Huko hata mbuzi wanakula makaratasi. Nilicheka, nawe ukadhani nimeamini. Niliingia chumbani nikalia.

Najua nani yuko Marungu. Nilijua jana, mbele ya wageni waliokuja kukuaga. Binamu yako Mghanga hakuwa na ubaya. Alikuwa na sahani ya pilau mkononi, akasema tu, "Kumbe unaenda kwao Mwandoe." Jina moja tu, na wewe ukamkamata koo mpaka macho yakamtoka na pilau ikamwagika. Wajomba zako wakakubandua. Mghanga akakaa chini anakohoa, na wewe ukatoka nje ukaenda wapi? Kwenye jiwe, kunoa. Watu wakasema ni uchungu wa kuondoka nyumbani. Huendi kutafuta kazi wewe. Unaenda kumtafuta mtu aliyemuua baba yako, na kazi ya kugawa maji ndiyo nauli uliyoipata.

Basi mambo ya chandarua na kula vizuri na kutopanda boda za walevi nayaacha. Hayo unayajua. Nataka nikueleze nilikoharibu, kwa sababu hilo panga halikuanza kwako, na ukienda kuua utakuwa unaimaliza kazi yangu.

Mimi nimezaliwa Sagalla, kule juu, ambako maji tuliyagombania kama mbwa na mfupa. Bomba lilikuwa moja na lilitoka lilipotaka. Wasichana tulipanga mitungi tangu alfajiri, na maji yakianza kutoka foleni inakufa, ni viwiko na meno. Siku moja msichana niliyekuwa naimba naye kwaya alisogeza mtungi wangu kwa mguu. Niliuinua nikampiga nao mdomoni. Alitema jino na damu kwenye kiganja, akaliangalia lile jino kana kwamba si lake. Mimi nikakinga maji yangu nikaondoka. Nyumbani mama aliiona damu kwenye mtungi, akaiosha, akaniambia, "Leo umerudi na maji. Ubarikiwe, mwanangu." Hakuniuliza ni damu ya nani. Nikakua nikijua hivyo: anayepiga ndiye anayekunywa.

Baba yako aliponioa akanishusha Mboghoni, nilidhani nimeletwa peponi. Maji yanapita mlangoni! Na hakuna anayepigana! Siku ya kwanza nilimwona mzee mmoja amesimama kwenye migomba yake, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, akaangalia jua, akafunga lango lake kwa mbao na tope, akatwika jembe begani na kumpigia jirani kelele, "Zamu yako!" Akaenda nyumbani. Nikamuuliza Mwadime baba yako, "Na asingefunga?" Akasema, "Angefunga." "Na kama angekataa?" Mwadime akanicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe mtu wa Sagalla, umekuja kuolewa au umekuja kupigana?"

Siri yao haikuwa kubwa. Mfereji huu haukuchimbwa na serikali. Ni wakulima wenyewe, tangu babu zao, na waliutunza kwa desturi moja ambayo wewe uliikuta na unadhani ni kitu cha kawaida tu. Kila kiangazi, kabla jua halijawa kali, kila nyumba ilitoa mtu mmoja wa kuzoa tope. Na walichimba kinyume: wa juu walishuka kuchimba chini, na wa chini walipanda kuchimba juu. Maana yake mwenye shamba karibu na lango kuu ilibidi asimame kule mkiani, aone kwa macho yake migomba iliyonyauka ya mwenzake. Kisha wakala pamoja pale langoni, sufuria moja, ugali na maharagwe, mkono wako na wangu. Ukishakula na mtu hivyo, huwezi kumzibia maji kirahisi. Unaweza, lakini unaona haya.

Na maji hayo yalitutoa kwenye umaskini, usisahau. Nyumba ya makuti ikawa ya mabati. Malori ya ndizi yalikuwa yanapanga mstari barabarani, mabroka wanabembeleza. Mama mjane alisomesha watoto kwa nyanya. Na kwetu Sagalla bado walikuwa wanang'oana meno kwenye bomba. Mimi nilikuwa nawapelekea mikungu, najiona malkia.

Hapo ndipo alipokuja Mwandoe. Hili la urafiki wake na baba yako nililizuia lisitajwe nyumbani, lakini leo nalitaja. Aliletwa na baba yako. Kwao Marungu ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe, na ndovu wamemaliza kile kidogo kilichoota. Akakodi shamba mkiani kabisa mwa mfereji, ambako hakuna aliyetaka, akalikalia na mkewe Mkawasi na watoto. Alikuwa mtu wa kelele, wa kucheka, mikono kama sepetu. Yeye na baba yako walichimba ubavu kwa ubavu kila mwaka. Wewe alikuwa anakubeba mabegani ukichoka. Najua unalikumbuka hilo, na najua unajichukia kwa kulikumbuka.

Kosa langu ni hili. Walinichagua kuwa katibu wa kamati ya mfereji, mwanamke wa kwanza, na kichwa kikavimba. Kazi iliyonichosha zaidi ilikuwa kuwafuata watu wasiokuja kuchimba. Wakati huo mashamba ya juu yalikuwa yameanza kukodiwa na watu wa mjini, wa vitunguu, wenye mishahara yao. Hao kushika jembe walikuwa wanaona kinyaa. Mmoja wao, yule wa vitunguu unayemjua, akaniambia, "Mama, kwa nini tusilipe faini tu? Nyinyi mchimbe, sisi tulete pesa, mnunue saruji." Nikaona akili! Nikasimama mkutanoni nikalisema kwa ulimi wangu mtamu, na watu wakapiga makofi. Baba yako peke yake hakupiga. Aliniambia njiani, "Ukimruhusu mtu asije, siku moja utamhitaji na hutamjua sura." Nikamwambia anaongea kama watu wa zamani.

Saruji ilinunuliwa kweli. Tukajenga mfereji wa juu ukapendeza, wageni wakaja kupiga picha. Lakini nani alibaki anachimba? Wasio na pesa ya faini. Wa mkiani. Walizoa tope la mfereji mzima, na maji yakifika kwao ni mate. Na wale wa juu hawakushuka tena, hawakujua kule chini kuna nani. Ile sufuria ya langoni ikakosa watu. Mwandoe alikuja kwangu akasema, "Shemeji, sisi tumekuwa vibarua wa mfereji wetu wenyewe." Nikamwambia, "Leta hoja kwenye kikao." Nilimjibu hivyo, mtu aliyekula kwangu.

Kisha kikaja kile kiangazi.

Mvua ilipita mara mbili bila kunyesha. Kule mkiani migomba ilianza kuanguka yenyewe, puu, puu, unaisikia ukipita. Baba yako alikuwa ndiye mshika lango. Siku ile ilikuwa zamu ya Mwandoe. Mchana, jua la kichwani, mwenye vitunguu alinipigia simu: hajamaliza, vitunguu vyake vitaungua, naye ndiye aliyechangia saruji nyingi kuliko wote. Nami nikampigia baba yako. Nikamwambia, "Mwache amalizie. Mwandoe atangoja kidogo." Mwadime akasema, "Sawa, mama Mwakio." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake.

Mwandoe alingoja maji kwenye shamba lake na hayakuja. Akapanda juu akiufuata mfereji, na kila alipofika palikuwa pakavu. Akafika langoni akakuta magunia ya mchanga yamepangwa, maji yote yanaingia kwenye vitunguu, na rafiki yake amesimama juu ya magunia. Wapo walioona, na walisema mahakamani. Mwandoe alisema, "Fungua." Baba yako akasema, "Subiri kidogo." "Fungua, Mwadime, watoto wangu hawajala." "Kamati imesema subiri." Mwandoe akaanza kuvuta magunia kwa mikono. Baba yako akamshika, wakasukumana, wakateleza kwenye tope, wakainuka. Na hapa nakwambia jambo ambalo nilikataza mtu yeyote asikwambie: baba yako ndiye aliyepiga kwanza. Alimpiga kwa mpini wa jembe kwenye taya na taya likavunjika, mlio ukasikika hadi ng'ambo. Mwandoe akachomoa panga kiunoni. Alikata bega, halafu shingo. Mara mbili tu. Halafu alilitupa panga akakaa chini kwenye tope, ameshika taya lake, analia kama mtoto, hadi polisi walipokuja.

Mimi nilifika nikakimbilia kwenye maji. Magunia yalikuwa yamefunguka katika ule mvutano, na mfereji ulikuwa unakimbia kwenda chini, mwekundu. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Uongo mtupu. Niliviona vimechanganyika, vinapita mashamba yote, na siku ile, mwanangu, maji yalifika kwa Mwandoe.

Hadi hapo ni mambo ya wanaume wawili na upumbavu wangu. Lakini kilichofuata nilikifanya mimi, na wewe ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Siku tuliyotoka kuzika, nilibadilisha nguo nyeusi nikavaa za shamba, nikawakusanya shemeji zangu, nikachukua mapanga. Na wewe nikakutia panga dogo mkononi, lile la kukatia majani ya ng'ombe. Ulilishika kwa mikono miwili. Tukashuka mkiani. Migomba michache ya Mwandoe ilikuwa imeanza kufufuka kwa yale maji, imetoa majani mapya. Tukaikata yote. Maji ya mgomba yaliruka yakatulowesha kama tumechinja. Wewe ulisimama tu, nikakupigia kelele, "Kata! Kata, ndiye aliyemuua baba yako!" Ukakata. Shina lilipoanguka nikakusifu. Nilisema, "Huyo ndiye mtoto wa Mwadime."

Mkawasi alitoka ndani na mtoto mgongoni. Hakusema neno. Nadhani hilo ndilo lililonitia wazimu, kwamba hakusema neno. Nilimpiga kwa ubapa wa panga, nikamvuta hereni, na sikio lake likararuka mkononi mwangu. Mtoto wake alikuwa analia, na wewe ulikuwa unaangalia. Uliangalia sikio, ukaniangalia mimi, na mimi nikakutabasamia. Ee Mungu wangu. Nilikutabasamia, Mwakio.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa hivyo jana ulipomkaba Mghanga, wenzako walikuona wewe, mimi nilijiona mimi.

Ulidhani tulishinda siku ile? Ngoja nikukumbushe ulichokula mwaka uliofuata. Baada ya mauaji yale hakuna aliyetaka kwenda langoni. Wa chini walisema wa juu wamewaua kwa kiu, wa juu walisema wa chini ni majambazi. Polisi walikaa pale wiki kadhaa wakila kuku wetu, wakaondoka. Hakuna aliyechimba. Tope likajaa, saruji ile nzuri ikapasuka, nyasi zikaota ndani ya mfereji na mbuzi wakawa wanalala humo. Vitunguu vikaungua, migomba ikaanguka, ya juu na ya chini. Malori yakaenda kwingine. Wanaume walienda kukata mkonge kwa kibarua, nami nikaenda nao. Unaikumbuka mikono yangu? Ulikuwa unanitoa miiba kwa sindano jioni, na tunalala tumekunywa uji bila sukari. Nyumba ya mabati ilikuwepo, na ndani yake njaa. Mapanga yetu yote hayakuleta tone moja la maji. Pigo moja la shingo, na kijiji kizima kikarudi kuwa maskini.

Mfereji ulifufuliwa na nini? Si toba, usidanganyike. Ni njaa. Siku moja nilitoka na jembe kwa hasira tu, nikaenda langoni, nikaanza kukwangua. Nikasikia jembe jingine mbele yangu. Ni yule mwenye vitunguu. Alikuwa amefilisika, kiatu kimoja kimepasuka, viganja vyake vimetoka malengelenge kwa sababu hajawahi kulima. Nilitamani kumpasua kichwa, haki ya Mungu. Nilimwangalia kisogo na nikapima. Yeye alijua ninapima, akaendelea kuchimba. Mchana akatoa muhogo mfukoni, akaukata, akaniwekea nusu juu ya jiwe. Niliula nikiwa namchukia. Kesho yake tulikuwa wengi kidogo.

Unajua yaliyobaki, ndimo ulimokulia. Faini tuliifuta. Usipokuja kuchimba, lango lako linapigiliwa misumari, hata uwe mbunge. Wa juu wanachimba chini na wa chini wanachimba juu. Sufuria ni moja. Malori yamerudi, wewe umesoma, na huko Marungu watu wamepata bwawa lao na pampu yao ya sola, wamechimba mitaro, wakasikia kwamba Mboghoni kuna kijana anayejua kugawa maji bila watu kuuana. Wakakuita. Nilijivuna sana. Nilitangaza hadi kanisani. Kumbe kijana mwenyewe anasema moyoni, Mungu amenifungulia njia.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana jambo hili nimelifanya leo na utanikasirikia.

Nilipoona panga liko ndani ya begi, nilitafuta namba ya Mkawasi. Nilimpata kupitia mtu wa kwao. Nimempigia leo baada ya chakula cha mchana, wewe ukiwa umeenda kuwaaga wajomba. Sikuwahi kusema naye tangu siku ya sikio. Nilijitaja jina. Nikamwambia, "Mwanangu anakuja huko."

Akasema, "Tunajua."

"Anajua kwamba mume wako yuko huko."

"Anakuja kufanya nini?"

Ningeweza kusema uongo. Nilisema, "Ameweka panga kwenye begi."

Ndiyo. Nimekusaliti. Nimewaambia adui zako kabla hujafika, mimi mama yako niliyekusifu kwa kukata. Nilitegemea Mkawasi apige kelele, au aseme watamwita chifu, au watahama. Ningefurahi wangehama! Unajua alichonijibu? Alisema, "Mwandoe ndiye aliyelitaja jina la mwanao kwenye mkutano."

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha mlango.

Akanieleza. Mwandoe alipotoka jela alikuwa mtu mwingine, taya limeunga upande, haongei sana, anakula vyakula laini. Kundi lao lilipotafuta mtu wa kugawa maji walivutana, kila mmoja akitaka ndugu yake. Ilikaribia kuwa ngumi. Mwandoe akasimama, mtu ambaye hasimami kamwe, akasema yuko kijana wa Mwadime kule Mboghoni. Watu wakaguna, kwa sababu wanajua historia. Wakamuuliza, "Wewe una kichaa? Huyo utampa maji yako ashike?" Akasema, "Huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuna atakayesema ananipendelea. Na kama ataninyima, nitakuwa nimejua ni kwa nini." Mkawasi alimlilia usiku kucha asirudie jina hilo. Alilirudia.

Kwa hivyo hukumpata wewe, Mwakio. Amekuita. Ile njia uliyodhani Mungu amekufungulia, imefunguliwa na yeye.

Nikamwambia Mkawasi, "Mfiche." Nilimsihi kabisa, mimi, nikimsihi mwanamke niliyemrarua sikio amfiche mwanamume ambaye bado nikiota namkata vipande. Akaniambia, "Amekataa. Zamu yetu ni Alhamisi asubuhi. Amesema atakwenda mwenyewe mtaroni, peke yake, na hatachukua hata jembe." Kisha akaniuliza kama bado naumwa mgongo. Watu walikuwa wamemwambia. Nikakata simu.

Usidhani nimeokoka nikaanza kuhubiri msamaha. Sijamsamehe, na sijui kama nitaweza. Siku nyingine nikichota maji langoni natema mate. Nawe usimsamehe kama huwezi. Usimsalimie, usile kwake, usimwangalie usoni kama macho yatakutia wazimu. Sikuombi upendo. Nakuomba kitu kidogo ambacho baba yako na mimi tulishindwa kukifanya siku moja ya jua: ikifika zamu ya mtu, anafunguliwa. Awe rafiki, awe mwizi, awe muuaji, watoto wake hawajala. Ukimkata Mwandoe, mtaro wa Marungu utajaa tope kabla ya mwaka kuisha, na mama mmoja huko atamtia mtoto wake panga mkononi na kumwambia kata. Mtoto huyo akikua, anayetafutwa utakuwa wewe.

Na ukifika ukaona mkono wako haukutii, geuka. Usione aibu. Panda gari la kurudi, kazi waachie. Nitasema ulikuwa mgonjwa, na atakayecheka nitampasua mimi. Lakini mimi nakujua. Nimekuona ukikaa langoni katika kiangazi cha juzi, wazee wanakutukana huku na huku, wewe umesimama kwenye tope unasema, "Bado zamu yake haijaisha, mzee, subiri." Ile sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba yako, na alikuwa mtu mzuri. Alikosea mara moja tu, na ni kwa sababu alinisikiliza mimi.

Mghanga amekusamehe. Koo linamuuma, anakunywa asali. Amesema ukifika umpigie.

Mimi usinipigie kesho, wala keshokutwa. Sitaweza kusikia sauti yako bila kukuuliza, na ukinijibu uongo nitajua. Nipigie Alhamisi, ukishamfungulia. Sitaenda shamba siku hiyo. Nitakaa na simu.

Mama yako